Kwa nini bwana shamba wa kata ya jirani anajua na wako hajui?

Natumaini mashamba yameshasafishwa na mbegu imeanza kutafutwa, maana Novemba haiko mbali.

Leo sizungumzii nafasi ya kupandia wala kiasi cha mbolea. Nataka kujibu swali ambalo mmeniuliza gulioni, kwenye mashine za kusaga na hata msibani: "Bwana shamba, kwa nini mwenzako wa kata ya pili alishawaambia watu wake jambo hili, na wewe unatuambia leo? Si mnafanya kazi serikali moja?"

Ni swali la haki. Wengi hudhani jibu ni uvivu. Wavivu wapo, kama walivyopo kila kazi. Lakini nimefanya kazi hii huku Ufipa miaka ya kutosha kuona kwamba hata mtumishi mwenye bidii anaweza kukaa na jambo linalokuhusu na lisikufikie. Sababu ni njia ambayo ujuzi hupita ndani ya ofisi zetu. Na simu tulizonazo sasa, ambazo wote tulitegemea zitafupisha njia hiyo, mara nyingi zimefuata njia ile ile ya zamani, ila kwa mwendo wa kasi zaidi. Ukiielewa njia hiyo utajua mahali pa kusukuma ili jibu likufikie kabla mahindi hayajaliwa.

Ofisi nyingi, mkulima mmoja

Tuanze na jinsi tulivyopangwa. Mimi bwana shamba wa kata mwajiri wangu ni halmashauri, na halmashauri iko chini ya OR-TAMISEMI. Wizara ya Kilimo ndiyo yenye sera na miongozo ya kitaalamu, lakini siripoti kwake moja kwa moja. Utafiti uko TARI, na kwetu Nyanda za Juu Kusini kituo chetu ni Uyole, Mbeya. Ubora wa mbegu uko TOSCI. Viuatilifu na afya ya mimea viko TPHPA. Mbolea iko TFRA. Utabiri wa mvua uko TMA. Ununuzi wa mahindi ya akiba ya taifa uko NFRA, yenye kanda yake hapa Sumbawanga. Kila ofisi ina wataalamu wake, mfumo wake wa kompyuta na bosi wake. Wewe una ekari mbili, na zote hizo zinatakiwa zikutane kwenye ekari hizo hizo.

Ndani ya halmashauri kuna utaratibu wa barua. Nikiona tatizo shambani naandika barua kwa mkuu wa kilimo wa halmashauri, "kupitia kwa" Mtendaji wa Kata. Ikifika inapokelewa masjala, inagongwa muhuri, inaingizwa kwenye jalada, jalada linapelekwa mezani kwa mkubwa, naye anaandika dokezo kumwelekeza wa chini yake. Utaratibu huu una faida: kumbukumbu inabaki na kila mtu anawajibika kwa alichoandika. Lakini umetengenezwa kwa safari ya kupanda na kushuka. Takwimu hupanda: hekta zilizolimwa, tani zinazotarajiwa, idadi ya wakulima waliotembelewa. Maelekezo hushuka: fanyeni hiki, acheni kile. Njia ya kwenda pembeni, kutoka kwa bwana shamba wa kata hii hadi wa kata ile, haipo kwenye karatasi yoyote.

Tazama pia fomu tunazojaza kila mwezi, kila robo na kila mwaka. Kuna nafasi ya kuandika nimetembelea wakulima wangapi. Nafasi ya kuandika mkulima aliniambia nini, hiyo sijaiona. Kitu kisicho na nafasi kwenye fomu hukaa kichwani mwa mtumishi, na mtumishi huhama, hustaafu au husahau.

Mwaka 2017 ulitufundisha huku huku kwetu

Mfano mkubwa tunao hapa hapa Rukwa. Kiwavijeshi vamizi asili yake ni Amerika. Barani Afrika alitambuliwa mara ya kwanza mwanzoni mwa mwaka 2016, Afrika Magharibi. Mwanzoni mwa 2017 alikuwa ameshaingia kwa majirani zetu wa Zambia. Mwaka huo huo wa 2017 akaripotiwa Tanzania kwa mara ya kwanza, na mahali palipotajwa ni wilaya ya Nkasi.

Fikiria jambo hilo kidogo. Nondo wa mdudu huyu anaweza kuruka hadi kilomita 100 kwa usiku mmoja. Zambia kutoka kwetu si mbali. Kuna watu wa Kalambo wanaovuka Kasesya kwenda sokoni na kurudi siku hiyo hiyo. Mdudu alikuja akifuata mahindi. Habari zake zingeweza kumtangulia zikiwafuata wafanyabiashara.

Miaka michache baadaye nilizungumza na mfanyabiashara mmoja wa mahindi, mtu wa makamo, tukiwa tunasubiri gari. Aliniambia msimu ule aliona mahindi upande wa pili wa mpaka yametobolewa majani na kujaa uchafu kama pumba za mbao kwenye moyo wa mmea. Nikamuuliza kama alimwambia mtu wa kilimo. Akacheka: "Bwana shamba, mimi ni mchuuzi tu. Ningeingia ofisini nianze kuwafundisha wataalamu?"

Hakuwa na kosa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba macho yake yana kazi ofisini kwetu.

Mdudu alipofika wakulima walimfananisha na waliowajua. Wengine walisema ni funza wa mabua. Wengine walisema ni kiwavijeshi wa kawaida, yule anayekuja kwa makundi na kumaliza nyasi na nafaka kama jeshi linalopita. Hata sisi wataalamu, chuoni tulifundishwa hao wawili. Ushauri ukawa unatofautiana kata kwa kata, na wakulima wakanunua dawa kwa kubahatisha.

Kwa hiyo kabla sijaendelea, weka hili kichwani, maana bado tunaye kila msimu. Kiwavijeshi vamizi aliyekomaa ana alama usoni kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mwisho wa mwili ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe za mraba. Mayai yake hutagwa kwa mafungu, mara nyingi 100 hadi 200 kwa fungu, yakiwa yamefunikwa na kitu kama manyoya. Tembea shambani angalau mara moja kwa wiki tangu mahindi yanapoota, kwa njia ya herufi W, ukisimama sehemu tano na kukagua miche kumi kila sehemu. Ponda mayai kwa vidole. Kiwavi akiwa mdogo ni rahisi kumdhibiti. Akishakua hujificha ndani kabisa ya moyo wa mhindi na dawa humfikia kwa shida. Ukipulizia, pulizia asubuhi mapema au jioni, ukilenga moyo wa mmea.

Hayo yote leo ni maneno ya kawaida kwenye vijiji vyetu. Msimu ule wa 2017 yalikuwa na thamani ya magunia.

Kilosa walifanya nini

Sasa nikupe mfano wa upande wa pili, ili usidhani serikali haiwezi.

Kiwavijeshi wa kawaida amekuwa akifuatiliwa nchini kwa miaka mingi kwa mitego yenye harufu ya nondo jike, inayowavuta nondo dume. Hesabu za nondo na za mvua zilitumwa kutoka wilayani hadi Tengeru, Arusha, zikachambuliwa huko, na utabiri ukarudishwa wilayani ili ushuke vijijini. Ni safari ndefu, na kiwavi hana subira ya barua. Utabiri uliweza kuwa sahihi kabisa na bado ukamfikia mkulima wakati majani yameshaliwa.

Msimu wa 2001/2002, wilayani Kilosa mkoani Morogoro, ilijaribiwa njia nyingine. Vijiji vilipewa mtego na kipima mvua, na wanakijiji waliochaguliwa na wenzao wakafundishwa kuhesabu nondo, kusoma mvua na kutoa utabiri wenyewe. Utabiri ulitangazwa hapo hapo kijijini, kwenye mikutano, mbao za matangazo na nyumba za ibada, kisha taarifa ikapelekwa ngazi za juu.

Vifaa vya Kilosa vilikuwa mtego, chupa ya kupimia mvua na daftari. Hakukuwa na simu janja. Kilichobadilika ni desturi: aliyeona ndiye aliyetangaza, na majirani zake walisikia kabla ya mkubwa. Ukubwa wa mkubwa haukupungua kwa sababu hiyo. Alipata taarifa, tena safi zaidi, ila hakuwa tena mlango ambao lazima ufunguliwe kwanza.

Simu imekuja, tabia imebaki

Rudi kwetu. Tangu Aprili 2022, pale Rais Samia Suluhu Hassan alipoanza kugawa pikipiki na vifaa kwa maafisa ugani jijini Dodoma, wengi wetu tuna usafiri. Wengi wetu tuna simu janja. Tangu 2018 kuna programu ya FAO ya kuripoti kiwavijeshi vamizi. Kuna nyingine iitwayo Nuru, ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania kule Marekani, unayoielekeza kwenye jani nayo ikakusaidia kutambua tatizo hata pasipo intaneti. Na kila ofisi ina kundi lake la WhatsApp.

Nikueleze jinsi kundi la ofisi linavyoishi, maana hilo ndilo ungedhani limemaliza tatizo. Asubuhi mkubwa anaweka waraka wa kurasa kumi na mbili. Chini yake zinafuata "Nimepokea mkuu", "Nimepokea", "Asante sana kiongozi", mstari baada ya mstari. Mchana zinaingia picha: mtumishi ameshika futi ya kupimia, mkulima kasimama pembeni. Hizo ni picha za ushahidi kwamba kazi imefanyika. Jioni kimya.

Swali haliulizwi. Kuuliza mbele ya mkubwa ni kukiri kwamba hujui, na wewe ndiye mtaalamu wa kata. Kusema "ushauri ule haukufanya kazi kwangu" ni kama kumpinga aliyeutoa. Basi maswali ya kweli huulizwa usiku, pembeni, kwa rafiki mliyesoma naye chuo: "Kaka, maharage yangu yanageuka njano kuanzia majani ya chini, wewe kwako vipi?" Jibu linapatikana, na ni jibu zuri. Linabaki kwenye simu mbili.

Usituhukumu haraka. Angalia tunavyopimwa. Zamani ilikuwa OPRAS, sasa ni PEPMIS kwenye kompyuta. Kwa vyote viwili kila mtumishi ana majukumu yake na malengo yake. Nikimsaidia mwenzangu wa kata ya jirani kutatua tatizo lake, alama zinakwenda kwake. Halafu kuna semina. Mmoja huchaguliwa kwenda, hulipwa posho, hurudi na makabrasha. Hakuna siku iliyotengwa ya kuwakalisha wenzake na kuwaeleza alichosikia. Na tuseme ukweli: anayejua peke yake ndiye atakayeitwa tena. Ujuzi umekuwa akiba ya mtumishi mnyonge.

Mzee mmoja aliyestaafu kazi hii aliwahi kunisimulia kwamba miaka ya 1990, chini ya mfumo wa mafunzo na ziara, mabwana shamba walikuwa wakikutana kila baada ya wiki mbili, na mara moja kwa mwezi wanakaa na watafiti. Mfumo ule ulilalamikiwa kwa ugumu wake na kwa gharama zake, na fedha za mradi zilipokwisha mikutano ikafa. "Lakini," aliniambia, "tulijuana. Nilijua nani ana shida gani Laela na nani ana dawa yake Namanyere." Hakuwa na simu hata moja wakati huo.

Mbegu ya mama mmoja

Haya si maneno ya ofisini tu. Yana bei, na ninayo bei ya mtu mmoja.

Misimu miwili iliyopita, mama mmoja katika kata yangu alikopa fedha VICOBA akanunua pakiti tano za mbegu, kilo mbili mbili, za ekari moja. Alinunua gulioni kwa mtu aliyekuwa akizunguka vijiji. Alipanda kwa wakati, kwa mistari, na mbolea ya kupandia. Ikaota kama theluthi moja. Aliponiita, tulifukua mashimo tukakuta mbegu imeoza, rangi ya dawa imetoka kirahisi mkononi kama iliyopakwa jana. Pakiti zilikuwa na lebo, lakini sehemu ya kukwangua ilikuwa chapisho tu, haikwanguliki.

Alirudishia kwa mbegu ya nyumbani mwishoni mwa Desemba. Wewe wa huku juu unajua maana yake. Baridi yetu inachelewesha mahindi kukomaa. Ukipoteza wiki tatu za mwanzo, mvua itakuaga kabla gunzi halijajaa. Alivuna gunia saba mahali alipozoea kuvuna kumi na nane. Deni la VICOBA halikupungua kwa sababu mbegu ilikuwa mbovu.

Nilimpigia mwenzangu wa kata ya jirani kumtahadharisha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema mbegu ile alishaiona kwake wiki tatu nyuma.

"Mbona hukusema?"

"Niliandika barua siku ile ile, kupitia kwa Mtendaji. Iko kwenye jalada."

"Na kwenye kundi?"

"Kaka, mle yumo kila mtu. Yule muuzaji akisema nimemchafua, nani atasimama na mimi?"

Huyu ni mchapakazi. Alifanya kila kitu utaratibu unachotaka. Barua ilikuwa sahihi, muhuri ulikuwepo, na mama yule alikuwa akitoa fedha zake siku ambazo barua ilikuwa inasubiri meza. Kata hadi kata ni mwendo wa saa moja kwa pikipiki.

Baada ya hapo tulikaa mabwana shamba na mabibi shamba watano wa kata zinazopakana, tukakubaliana jambo dogo. Kila Ijumaa kila mmoja anatuma ujumbe wa mistari mitatu: nimeona nini, wapi, nimefanya nini. Kwa mbegu na dawa tunataja jina la bidhaa lililoandikwa, namba ya lebo na kasoro tuliyoiona, hatutaji muuzaji. Barua rasmi inaendelea na safari yake kama kawaida, na TOSCI au TPHPA hupewa taarifa kwa kazi yao. Kisha kila mmoja anaandika yanayowahusu wakulima kwa kalamu ya wino mzito na kuyabandika kwenye mbao za vijiji vyake na kwenye mashine za kusaga. Mkuu wetu tulimweleza baadaye. Hakukataa; aliuliza tu kwa nini kata nyingine hazimo.

Haijatumaliza matatizo, lakini msimu uliopita taarifa ya kiuatilifu chenye lebo iliyobandikwa juu ya nyingine ilivuka kata tatu kwa siku mbili.

Ujuzi unaotoka kwenu

Kuna njia nyingine ambayo ofisi zetu zimeisahau: ile inayotoka kwako kuja kwetu. Wazee wa Ufipa walikuwa na intumba kabla ya bwana shamba wa kwanza kufika. Mvua zinapoelekea mwisho, nyasi zinageuzwa na kufunikwa na udongo kuwa matuta ya mviringo, zinaoza humo, maharage yanapata nafasi juu yake, na msimu unaofuata tuta linatawanywa kwa ulezi au mahindi. Ni mboji inayotengenezwa mahali pale pale itakapotumika, kwenye udongo wetu uliochoka, bila kubebwa kichwani. Watafiti wameandika juu ya kilimo hiki. Mimi nilikifahamu vizuri kwa kusimama na bibi mmoja shambani, si kwa mhadhara wowote. Sasa mbolea ya viwandani ikipanda bei, ni nani kazi yake kupeleka ujuzi wa bibi huyu kwa kijana wa kata ya tatu? Kwenye malengo ya mtumishi yeyote sijauona.

Wewe ufanye nini

Ofisi zitabadilika taratibu. Mahindi hayasubiri. Haya unaweza kuanza nayo msimu huu.

1. Leta taarifa iliyokamilika. Ukimtumia bwana shamba picha, tuma tatu: shamba zima, mmea mmoja, na jani au mdudu kwa karibu. Andika tarehe uliyopanda, mbegu gani, umeweka mbolea gani, umepulizia nini na lini. Taarifa ya namna hiyo naweza kuipeleka Uyole kama ilivyo. "Mahindi yangu yanaumwa" siwezi kuipeleka popote.

2. Omba jibu la kuandikwa. Ujumbe mfupi unatosha. Maneno ya barabarani hupotea na hubadilika. Yaliyoandikwa unaweza kumwonyesha jirani na kumkumbusha aliyeyasema.

3. Muulize bwana shamba wako: "Kata za jirani wanaona nini?" Swali hili halimdhalilishi mtu. Ukiliuliza wewe, mwenzako na mwenyekiti wa kitongoji, atalazimika kupiga simu.

4. Mkutano mkuu wa kijiji hufanyika kila miezi mitatu kwa mujibu wa sheria. Ombeni dakika kumi za kudumu kwa ajili ya kilimo: nusu bwana shamba aseme, nusu mkulima mmoja aeleze alichojaribu na kilichotokea, hata kama kilishindikana.

5. Tunza lebo, pakiti na risiti hadi uvune. Kwangua lebo ya mbegu na uihakiki kwa simu kabla hujatoka dukani. Pasipo pakiti hakuna ushahidi, na bila ushahidi mtumishi mwoga ataendelea kuogopa.

6. Wewe mfanyabiashara, unatembea kuliko sisi. Unashuka bonde la Ziwa Rukwa, unavuka mpaka, unaona mashamba kumi kwa siku. Ukiona kitu kigeni piga picha na umpe bwana shamba yeyote. Na ukipata taarifa za soko, kwa mfano NFRA wanataka mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, waambie wanaokuuzia mapema, kabla hawajapakia yaliyo mabichi.

7. Anzisheni daftari la kilimo la kijiji, likae ofisi ya kijiji. Mvua ya kwanza ilinyesha lini, mbegu ipi ilifanya vizuri kwenye udongo upi, mdudu gani alionekana wapi, nani anajua intumba. Ni daftari la kijiji, si la bwana shamba. Yeye anaandika humo na ninyi pia.

Hilo la saba nina sababu ya kulisisitiza. Mwezi uliopita nimepokea barua ya uhamisho. Naacha kata hii ya juu na kwenda bondeni, chini ya Lyamba lya Mfipa, kwenye joto na mpunga. Nimepewa fomu ya makabidhiano nijaze. Inauliza pikipiki, namba ya injini, meza, viti viwili, kipima udongo, muhuri. Nimejaza yote na kusaini. Hakuna mstari unaouliza shamba lipi huanza kuonyesha viwavi, wala mama gani anajua kuhifadhi mbegu ya maharage isiliwe na wadudu, wala kisima kipi hukauka Septemba.

Kwa hiyo wiki hii nazunguka vijiji vinne vya kata nikiwa na madaftari manne ya kaunta buku. Naandika ninachokijua, kisha nawasomea wazee na kamati wanirekebishe. Jana mzee mmoja alinikatalia kurasa mbili nzima kuhusu mwanzo wa mvua upande wa milimani, akaeleza yake, nami nikaandika ya kwake chini ya yangu na tarehe. Bibi shamba anayekuja kushika nafasi yangu nimeshaongea naye. Amesema ataanzia ofisi ya kijiji kabla ya kwenda kuona pikipiki.

Nikifika bondeni nitauliza kama lipo daftari. Kama halipo, nitanunua. Nanyi mlioko kata nyingine, msisubiri bwana shamba wenu apate barua ya uhamisho. Kaunta buku linapatikana duka lolote la Sumbawanga. Nendeni nalo kwenye mkutano ujao, mwombeni mwenyekiti alifungue, na mstari wa kwanza uwe tarehe ya mvua ya kwanza ya msimu huu.

Kazi njema, na mvua ziwe za heri.